Mpini wa Chini

Mnunuzi wa vyuma chakavu kapanda na pikipiki hadi Shume,
mizani begani, kalamu sikioni.
Kaukuta ule msumeno nyuma ya zizi:
futi saba, meno matatu hayapo.

Nampisha apime. Mimi
nasikia mkulo ukikwaruzwa.

Nilikuwa wa chini, shimoni,
unga wa mbao ukinijaa kope, pua, hadi chai.
Juu ya gogo Shemweta, mguu huku, mguu kule,
akifuata mstari wa uzi
tuliouchovya masizi ya betri kuukuu.
Siku ya kwanza alinifokea:
"Usisukume! Vuta zamu yako, kisha niachie."
Neno hilo nimeoa nalo,
nimelea nalo.

Baadaye kampuni ikaleta winchi.
Ilikohoa moshi Magamba nzima,
mwezi wa pili ikakata waya.
Sisemi zaidi.
Mbao za mwanandani wake tulipasua wenyewe;
siku ile nilipanda juu mimi,
na chini hapakuwa na mtu ajuaye kuachia.

"Kilo nne na nusu," asema kijana.
Achukua nyundo, ang'oa mipini,
anirudishia yote miwili.
"Miti hatununui, mzee."

Wangu naujua, umebanduka ubavuni.
Huu mwingine una bonde la dole gumba,
dole lisilo langu.
Nimeliweka langu humo.

Linapwaya.