Kisanduku cha Sababu

Fomu namba nne ina kisanduku cha sababu,
upana wake vidole viwili.
Niliikuta hivyo nilipokabidhiwa kitengo
pamoja na muhuri, kabati lisilofungika,
washauri watano, wanafunzi mia nane na kitu,
na feni inayolia kama inadai malimbikizo ya mshahara.

Kila Novemba foleni inajaa korido.
Wanaotoka Tandahimba huwa wa mwisho kujisajili.
Mwaka wa kwanza nilidhani ni uvivu.
Wa pili nikaanza kusikiliza habari za mnada:
bei ikipanda, mlango wangu unatulia;
stakabadhi ikilala ghalani, ada nayo inalala,
na mtoto wa watu anasimama mbele yangu,
anaandika ndani ya vidole viwili: "korosho".
Neno moja. Kisanduku kimejaa.

Wengine huandika "familia". Mmoja aliandika "siwezi".
Mmoja alichora mstari tu.

Jumatano huwakusanya washauri.
Nawaambia, msianze na matokeo.
Muulizeni amekula wapi, analala Chikongola au Ligula,
nani alimchagulia kozi hii,
yeye, mjomba, au mashine ya udahili.
Mwalimu Hokororo hucheka: "Mama, sisi si mapadre."
Nami hucheka.
Kisha nasaini fomu arobaini
kabla chai haijapoa.

Humo ndimo ilimopita fomu ya Mfaume Chinguile,
mwaka wa pili, Hisabati na Fizikia.
Takwimu ilimlemea. Akashauriwa aiache muhula ule,
aichukue mbele ya safari akiwa na pumzi.
Ushauri mzuri, wa huruma,
ila Takwimu ile ndiyo ufunguo
wa masomo matatu ya mwaka wa tatu,
na hufundishwa mara moja tu kwa mwaka.
Wenzake walipovaa majoho
yeye alikuwa amebakiza mwaka mzima,
na bodi ya mkopo haihesabu huruma.

Hokororo alikuja, uso umempauka.
"Ni mimi niliyemwambia."
Nikaigeuza karatasi. Chini palikuwa na sahihi yangu,
na mkia wake ule mrefu ninaouringia tangu sekondari.

Ingefaa barua. Ingefaa kamati,
na lugha ile isiyo na mtenda:
"kasoro ilijitokeza".
Kasoro haijitokezi. Kasoro husaini.

Nikamfuata ghalani, njia ya Naliendele.
Anahesabu magunia, kalamu sikioni,
vumbi hadi kwenye kope.
Nilisema yote nikiwa nimesimama.
Hakunifokea; heri angefoka.
Aliuliza tu, "Kwa hiyo hilo somo linaanza lini?"
Machi, nikasema.
"Basi niandikie mapema. Na safari hii, mama, soma kwanza."
Akarudi kwenye hesabu: mia mbili na kumi, na moja, na…
akapoteza, akaanza upya tangu gunia la mlangoni.
Niliondoka akiwa kwenye thelathini.

Nimeibadilisha fomu. Kisanduku sasa ni nusu ukurasa.
Mkuu wa taaluma aliuliza nani atasoma yote hayo;
nikamwonyesha kiti changu.
Sasa nasaini kumi kwa siku, chai inaganda,
foleni inafika hadi kwenye ngazi,
wananinung'unikia, na wana haki.

Leo asubuhi ameingia binti wa Kitangari,
Somoe, ameomba kuahirisha mwaka.
Amekaa na ile nusu ukurasa robo saa nzima,
kalamu hewani, feni inalia.
Kisha kwenye pembe, kwa herufi ndogo,
kama mtu anayeogopa kuchafua weupe wa watu,
akaandika: "korosho".

Nikausogeza muhuri kando.
Ya nani, nikamuuliza. Baba, au bibi?
Na ni miti mingapi?