Daftari la Madeni na Pumzi

Baba alianza na pua.
Chafya saba kabla gunia halijafunguka vizuri,
macho mekundu, koo linawasha kama amemeza unyoya.
"Mafua," akasema. "Upepo wa Mto Rioni hauna adabu."
Mafua gani, baba, yakae miaka mitatu
bila homa, bila kuaga,
makamasi mepesi kama maji ya mvua?

Kisha yakashuka kifuani.
Saa tisa usiku nilisikia filimbi, nikadhani ni bomba la maji ukutani.
Alikuwa yeye, ukingoni mwa kitanda,
mikono magotini, mabega yamepanda,
anaitafuta hewa kama mtu aliyedondosha ufunguo gizani.
Tukamwambia apumzike.
Hakuwa na pumzi ya kupumzikia.

Saa kumi akainamia tanuri,
mtungi wa udongo uliozikwa hadi shingoni,
nusu ya mwili wake ndani,
akaubandika mkate ukutani kwa kofi moja.
Mtaa wetu wote, hapa Kutaisi, umelelewa na kofi lile.
"Ni moshi." Tukabadilisha kuni.
"Ni uzee." Ana miaka arobaini na sita.
Jirani Guram akaleta mafuta ya bata bukini,
akamsugua kifua mpaka akanukia sikukuu.
Filimbi ikaendelea.

Aliyeona ni mama.
Nazibrola, mshika daftari la madeni,
anayejua nani alichukua mikate miwili Jumanne akaapia Ijumaa.
Aligeuza daftari, akaanza kuandika kutoka nyuma:
Jumatatu, kifua. Jumanne, kifua. Alhamisi, hakulala.
Jumapili, tanuri limezimwa: amecheka hadi jioni.
Oktoba, siku tisa za kuvuna zabibu kwa kaka yake,
amepanda ngazi, amebeba vikapu, ameimba. Hakuna kitu.
Amerudi. Siku ya kwanza, chafya. Ya pili, filimbi.
Akapiga mstari chini, kama kwa mdeni sugu.
Hakusema neno. Alilikung'uta shati la baba dirishani,
likatoka wingu jeupe.
Waliosema kikulacho ki nguoni mwako
hawakumjua baba yangu, lakini walimwona.

Daktari Mzevinari alisoma daftari kwanza, kifua baadaye.
Akampa kibomba: puliza, kwa nguvu, mara moja.
Mia mbili na tisini.
Akavuta dawa, wakangoja robo saa.
Mia nne na kumi.
Baba akakitazama kibomba kama mizani ya mchuuzi mwizi.
"Pumu," daktari akasema. "Na unga ndio unaoiamsha."
"Unga ndio ulionilea."
"Sijasema haukukulea."

Ya buluu, kuzima moto ukishawaka.
Ya kahawia, asubuhi na jioni, hata ukijiona mzima,
hasa ukijiona mzima; kisha sukutua, uteme.
Ya pua, ielekeze upande wa sikio.
Na ya buluu ikishindwa, maneno yakikatika,
midomo ikigeuka rangi, usingoje kupambazuke. Njoo.
"Lakini hakuna dawa," akasema,
"itakayoshindana na gunia unalolifungua kila siku."

Alitumia ya kahawia wiki mbili, akajiona mzima, akaiacha.
Mama akaandika: 400. 360. 310.
Kisha usiku mmoja ambao hakuuandika.

Sasa baba anauza dirishani,
kioo kati yake na unga, kama mtu aliyekwenda kumtembelea mfungwa.
Analala. Ananenepa. Akisahau,
mkono wake unapiga kofi hewani.

Ninayeinamia tanuri ni mimi.
Barakoa usoni, unga naumimina taratibu usiruke,
sakafu naipangusa kwa kitambaa kibichi, sifagii.
Jana nilipiga chafya tatu.
"Ni baridi," nikasema.
Mama hakujibu. Alilamba kidole,
akatafuta ukurasa mtupu.