Hasi Mbili

Miaka thelathini nimefundisha sarufi hapa Barnsley:
Kiingereza hakikanushi kwa mikono yake,
hukodi kitenzi kibarua, kitupu cha maana,
kikakitwika "si".
Na hasi mbili, niliandika ubaoni,
huuana. Hubaki ndiyo.

Mama, Winifred Ogley, binti wa mchimba makaa,
hakuijali kanuni hiyo.
"Sijaona hakuna mtu," husema,
nami mjuaji humsahihisha
hata mezani, kijiko mdomoni.

Leo wodini midomo imemkauka.
Muuguzi Kirsty kauliza: Maji? Supu?
"Sitaki hakuna kitu,"
akageukia ukuta.

Nikapiga hesabu yangu ya ubaoni
mara ya kwanza kwa kuomba,
nikamimina maji.

Mafunda mawili.
Hakunitazama.