Themanini na Mbili

Baba alikuwa msoma mizani wa chama cha msingi, Kitangari.
Msimu mzima wa korosho, gunia likipanda kwenye ndoano,
hakusema uzito. Aliughani:
*The-ma-nini na mbiliii!*
Sauti ikakwea kwenye nini, ikateremka kwenye mbili,
na karani ndani ya ghala akaandika bila kuinua kichwa.

Kisha mwezi wa sita, pampu ya salfa mgongoni,
akaangukia upande wa kulia
kama gunia lililokatika kamba.
Wako waliosema upepo. Wako waliotaja jina la jirani.
Mama aliuza mbuzi wawili, hakujibu mtu.

Alirudi kutoka hospitali na neno moja tu.
Baba, maji? *Kesho.*
Choo? *Kesho.*
Mimi nani, baba?
Akaniangalia kwa muda mrefu, jasho likimtoka.
*Kesho.*
Akajisikia mwenyewe. Akageukia ukuta.
Wiki tatu hakutaka mgeni, wala redio, wala uji.

Ndipo akaja Skolastika, mtaalamu wa viungo,
kila Jumatano, kwa bodaboda, na kopo tupu la maziwa mkobani.
Nikasema moyoni: tumeuza mbuzi, tumeletewa kopo.
Hakumuuliza baba chochote.
Alishika mkono wa kushoto, ule uliobaki hai,
akaugongesha taratibu, akiguna juu, akiguna chini:
mm-mm. Ma-ji. Mm-mm.
"Maneno yamo," aliniambia. "Barabara kuu imekatika.
Tunatafuta uchochoro."
Majirani wakacheka kichinichini:
kwa akina Liyumba wamemrudisha mzee jandoni.

Mguu nao. Yeye anagonga, baba anakanyaga,
wa kushoto unawahi, wa kulia unaburura vumbi.
Hakuuharakisha.
Alipunguza mapigo, akaungoja.

Siku yenyewe hakuwepo.
Mama alikuwa anatundika kikapu cha makopa kwenye boriti,
panya wasikifikie.
Kikapu kikaning'inia, kikazunguka kidogo, kikatulia,
na kutoka kitandani, kwa sauti ya ghalani,
*The-ma-nini na mbiliii!*

Mama akabaki na kamba mkononi.
Kikapu kile hakikufika hata kilo nne.
Hakuna aliyemsahihisha.
Baba alikuwa analia na kucheka kwa nusu ya uso,
akarudia, akarudia, mpaka jirani yule aliyetajwa
akaja kusimama mlangoni, akavua kofia.

Sitaki kudanganya. Mizani hajairudia.
Ziko asubuhi *kesho* inarudi na kukalia ulimi wake kutwa nzima,
na kopo linabaki chini ya kitanda.
Lakini jana jioni, nikimfunga vifungo vya shati,
alinigonga begani, mara tatu:
So. Mo. E.
Ya mwisho ikateremka,
kama uzito uliokwisha kusomwa.