Gasketi

Shangazi Nyevu haoni tena namba za spana.
Huipokea, akaipima kwa kidole gumba
kama anayekagua sarafu ya bandia.
"Hii ni nusu inchi. Nilisema tisa kwa kumi na sita."
Nami niko chini, mgongo juu ya gunia,
nadondokewa na oili iliyolala humo
tangu mwaka ule pamba ilipokosa mnunuzi.

Huku ni Magarini, na gari ni hili moja.
Lilikuwa jekundu kwa rangi ya kiwandani,
sasa ni jekundu kwa kutu na vumbi,
huwezi kujua chuma kinaishia wapi, shamba linaanzia wapi.
Kwenye sanduku la betri tumetoa mayai manne.
Kuku amesimama kando, anatudai.

Anasema ndiye mwanamke wa kwanza kushika usukani wake,
kwamba wanaume wa chama cha ushirika walijipanga ukingoni
kumsubiri apinduke na plau,
na jua likatua hajapinduka.
Sijui kama ni kweli.
Waliokuwepo wamekwisha kuzikwa wote,
na baadhi ya makaburi, asema, alilima kando yake
polepole, gia ya kwanza, asiwasumbue.

Mimi sikuja kwa ajili ya spana.
Mfukoni mwangu mna elfu tano,
arubuni ya mnunuzi wa vyuma chakavu.
Tulipatana kwa kilo, kwenye simu,
kilo ya kiti bei ile ile na kilo ya injini.
Nilikuwa nimwambie asubuhi, kabla ya chai.
Nikamkuta keshavaa ovaroli ya marehemu Thoya,
imekunjwa mara tatu miguuni.
"Umechelewa," akasema. "Shika hapa."

Legeza skrubu ya pampu. Piga mkono.
Dizeli yatoka ikitema povu.
"Bado ina hewa. Usifunge
mpaka itoke bila povu."
Napiga mkono. Bega lawaka.
Mawingu yanajikusanya upande wa Gongoni
na mahindi ya mbegu yamo kwenye debe,
yamepakwa dawa, yanangoja.

Betri tumeazima kwenye lori la mchanga.
Likakohoa. Likanyamaza. Likakohoa tena,
moshi mweupe ukafunika jiko, choo, na kuku mwenye madai,
na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya ndara zangu.
Shangazi hakushangilia.
Alitwaa bisibisi, ncha kwenye injini, mpini sikioni,
akafumba macho ambayo hata hivyo hayamsaidii.
"Silinda ya tatu," akasema, "inasema uongo."

Nilimeza mate.

Tukazima. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akanisogezea:
rangi ya chai ya maziwa.
"Maji yameingia. Gasketi imekwisha."

Alfajiri nikavuka daraja la Sabaki hadi Malindi,
duka la vipuri nyuma ya soko.
Muuzaji akapuliza vumbi la kabati:
elfu nne mia tatu, na hapunguzi.
Nikalipa kwa noti zile zile.
Njia nzima niliipakata, bapa, nyepesi,
matundu yake manne kama bao la watoto.

Mchana simu yangu ikatetemeka juu ya madigadi,
nati zikacheza kando yake. Mtu wa mizani.
Ikakatika. Ikatetemeka tena.
Shangazi, kichwa ndani ya injini, hakugeuka.
"Pokea," akasema.
"Na usifunge mpaka itoke bila povu."

Nikafuta mkono kwenye suruali.
Nikapokea.