Mdundo wa Tatu

Niliijenga upya nyumba yetu ya Mkomani kwa siku kumi na moja,
bila boriti, bila chokaa, bila Fundi Lali kunitukana:
kwa picha arubaini za simu na vipimo vya utepe
nilivyowahi kabla mnunuzi hajabadilisha kufuli.
Kuta nikazisimamisha. Zidaka nikazipanga safu tano.
Jua nikalipigilia juu ya kiwanda, saa nne asubuhi,
nikaiambia kompyuta: haya, chora.

Ikanichorea duka la simu.

Shangazi Barke akausogeza uso hadi kwenye kioo,
pumzi yake ikatia ukungu mlangoni petu.
Jicho moja lina mtoto, la pili kali kama la sonara.
"Hapa si kwetu," akasema. "Nuru yako ina mbio.
Kwetu nuru huya kwa miguu."
Akarudi kwenye mchele wake.

Mashine, mjue, huona kinyume.
Haikai ikangoja jua limletee mtu kitu.
Kila nukta ya kioo hutuma mtoto kutoka jichoni:
nenda, kaulize ukuta ule umepata wapi mwanga wake.
Ukuta humwelekeza sakafuni,
sakafu humtupa darini, dari haijui.
Wengi hurudi mikono mitupu, na hilo ndilo giza.
Mmoja akibahatika kulikuta jua
hurudi na punje moja tu kiganjani,
na chumba kizima huwa chenga, chenga,
uteo wa mchele usiopepetwa.

Ipo dawa ya kufuta chenga. Niliijaribu.
Ikafuta na masizi ya kandili ukutani,
ikatuosha kama maiti.

Kosa lilikuwa langu: watoto wale
niliwaruhusu kudunda mara mbili tu, nipate kulala.
Na ndani kwetu ni mbali kuliko hapo.
Jua hushuka kiwandani, hudunda sakafuni;
hudunda tena msana wa tini, tena msana wa yuu;
likifika ndani, chumba alichozaliwa baba,
si jua tena, ni maziwa.

Nikawaruhusu mara kumi na mbili.
Chokaa nikaikataza kuwa rangi, nikaitaka iwe ngozi:
mwanga uzame humo kina cha ukucha,
upotee kidogo, utokee pembeni umepata joto.
Feni ikavuma kama nyuki waliochokozwa.
Saa nane usiku, asilimia sitini na mbili,
umeme ukakatika mji mzima.
Nikaanza upya kwa betri ya kuazima kwa Twalib.

Asubuhi Shangazi akatazama kwa muda mrefu.
"Karibu," akasema,
nami sikujua kama amesema bado kidogo
au amenifungulia mlango.

"Kidaka cha kati, safu ya pili. Bakuli li wapi?"

Bakuli hilo lilivunjika mwaka niliozaliwa.
Akalifinyanga hewani kwa mikono yake,
unene wa ukingo, mahali pa ufa,
na rangi, akanionyesha mshipa wa kifundo chake: hii.

Nikalichonga. Nikaliweka.
Mwale uliokuwa ukipotea bure ukaligusa ukingoni
ukatupa darini, kwenye boriti ya tatu,
kijipande cha buluu chenye mkia.

Mwezi wake wa mwisho, baba alilala chali pale pale
akituuliza kila asubuhi samaki yuko wapi.
Tulidhani ni homa.
Tulimpikia.

Shangazi hakulia. Alivuta kiti.
"Humo ni saa ngapi?"
"Saa nne."
"Basi tumngoje. Ikikaribia saa tano huogelea
hadi juu ya mlango, kisha huondoka."

Ameketi tangu hapo, uteo mapajani,
jicho lake zima likiwa kwenye boriti ya tatu.
Lile jua nililipigilia kwa mkono wangu.
Sijamwambia.