Masega Matatu

Kwetu Shinyalu, msitu unapoishia
na mahindi kuanza bila kubisha hodi,
mwanamke hapandi mti wenye mzinga.
Ndivyo tulivyoambiwa.
Basi Lihanda aliponiachia mizinga minne ya magogo
na ngazi iliyopungukiwa vidato viwili,
sikubishana na mtu.
Niliishusha.

Nikaining'iniza usawa wa kifua changu
kati ya mringaringa na mparachichi,
nyaya nikazipaka oili chafu ya pikipiki
ili siafu wapande, wafikirie, warudi.

Mengine nilifunzwa na nyuki wenyewe,
kwa lugha yao ya kuchoma.
Usiende ukinukia sabuni.
Ngoja giza lishikane,
beba moshi wa mavi makavu ya ng'ombe,
moshi mvivu, usiounguza bawa.
Anzia nyuma, kata yaliyofunikwa nta nyeupe,
na yakibaki masega matatu kabla ya majana,
simama.
Hapo ni ghalani kwao.
Hapo ndipo panapolisha Julai.

Januari mnunuzi alikuja na mizani na mitungi ya manjano,
akachungulia, akacheka:
"Mama Shivachi, mbona unawaachia wadudu pesa?"

Nikahesabu kichwani.
Shivachi, kidato cha pili. Salio la karo.
Viatu. Godoro. Sanduku la bati na kufuli yake.
Nikahesabu masega.
Hesabu ya kwanza ikashinda.
Kwenye ule mzinga mzito, kisu hakikusimama.

Julai mvua ilinyesha kila siku saa nane,
kama mtu aliyeajiriwa.
Nikaenda, nikagonga gogo kwa kifundo cha kidole.
Gogo likajibu kama gogo.

Hapakuwa na maiti, wala dalili ya vita.
Walihama kama wapangaji wenye adabu,
wakaacha nyumba imefagiliwa
na harufu.

Nta nilikuwa nayo, ya masega yale yale.
Niliichemsha kwa maji, nikaichuja kwa leso kuukuu,
asubuhi ikaelea sufuriani, sahani moja ya manjano.
Nusu nilichanganya na mafuta ya parachichi,
dawa ya visigino vilivyopasuka.
Mama mkwe alipaka siku tatu,
akainua mguu, akautazama:
"Hiki kilikuwa kinalia. Sasa kinacheka."
Kopo moja shilingi hamsini, na sokoni waliniuliza mengine.
Ningeweza kuanzia hapo.
Kumbe hata makapi yana karo ndani yake,
ila mimi nilikuwa na haraka.

Nusu ya pili nilisugua ndani ya gogo tupu,
pamoja na mchaichai,
kama anayepika chai kwa wageni
ambao yeye mwenyewe aliwafukuza.

Agosti, watoto wako likizo.
Nilikuwa naanua maharagwe
nikasikia gari linakuja, linakuja, halifiki.
Nikatazama juu.
Anga la kwetu lilikuwa limeota manyoya.

Walipita juu ya jiko.
Wakauzunguka mzinga niliowapambia,
wakanusa mchaichai wangu,
wakauacha.

Nyuma ya nyumba, sanduku la Shivachi
lilikuwa wazi juani, kufukuza kunguni wa bweni.
Wakaingia humo.
Wote.
Malkia wao, kelele zao, kila kitu,
wakashika kifuniko kwa ndani kama zabibu.

Leo ni siku ya tano. Wameshaanza sega,
jeupe, jembamba, halijafika upana wa kiganja.
Sitalihamisha sanduku hadi wazoee,
na kisu nimempa mama mkwe akifiche.

Kesho shule zinafunguliwa.
Shivachi amesimama mbali, kola imefungwa hadi juu,
ananiuliza nguo zake atazibebea wapi.
Kwenye gunia la maharagwe, namwambia.

"Lakini sanduku ni langu, mama."

Sogea, mwanangu, taratibu.
Waulize lilinunuliwa na nani.